Edita Haipimwi kwa Kasi ya Kuwaka

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la madevelopa, bwana mdogo mmoja katuma video inayolinganisha edita, yaani programu za kuandikia kodi, za kutengenezea mifumo mikubwa ya wavuti kwa lugha ya Java. Mshindi ni VS Code, kisa inawaka haraka. Eclipse ikawekwa mkiani na picha ya fuvu pembeni. NetBeans haikutajwa kabisa, utadhani nusu yetu hatukufundishwa nayo chuoni. Watu wakamiminia dole gumba, mjadala ukafungwa.

Mimi nikaitazama hadi mwisho, nikitafuta mradi waliopimia. Ulikuwa na faili moja. Faili moja, jamani, inayochapisha salamu!

Sijui nani kati yetu analipwa mshahara kwa kuchapisha salamu. Wengi wetu tunahangaika na mifumo ya mishahara, ya hospitali, ya mikopo, iliyoandikwa na watu walioshaondoka zamani na namba zao hazipatikani. Edita naifungua asubuhi na kuifunga jioni, umeme ukitaka. Ikichelewa kuwaka, chai ipo. Ninachotaka kujua ni jambo moja tu: nikigusa hapa, inajua kwamba nimegusa na kule? (Na tafadhali, ule ubishi wa "hii siyo edita, ni IDE", yaani karakana nzima ya kodi, leo sina nafasi nao.)

Tuchukue mradi halisi ambao yeyote anaweza kuupakua: OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Ulianzishwa 2004, na mwaka 2006 ukawa tayari unatumika Eldoret. Ni Java, Spring (inayounganisha vipande vya mfumo) na Hibernate (inayohamisha data kati ya Java na hifadhidata), yaani mchanganyiko ule ule uliojaa kwenye maofisi yetu. Ukiufungua unakutana na Java, ndiyo, lakini pia faili za mipangilio za XML ambazo Spring huzitumia kuunganisha huduma. Unakutana na faili za hbm.xml, za Hibernate, ambazo kwa miaka mingi ndizo zimekuwa zikieleza fildi ipi inaingia safu ipi ya jedwali. Kuna maswali ya HQL, lugha ya Hibernate ya kuuliza hifadhidata, yaliyoandikwa kama maandishi ya kawaida ndani ya alama za kunukuu, na kuna Liquibase inayobadilisha hifadhidata yenyewe. Katika hayo yote, kompaila, ile inayotafsiri kodi na kukamata makosa, inaielewa Java peke yake. Kwake yeye, mengine yaliyobaki ni maneno tu.

Sasa sema umeamua kubadilisha jina la fildi ya birthdate (tarehe ya kuzaliwa) kwenye klasi ya Person, pamoja na getBirthdate na setBirthdate zake. VS Code, ukiwa umeweka plagini (kiongezo) ya Java pekee, inabadilisha kila mahali kwenye Java, vizuri kabisa, na hakuna mstari mwekundu hata mmoja. Unafurahi. Unawasha mfumo, Hibernate inagoma kwa sababu hbm.xml bado inataja jina la zamani. Hapo una bahati, maana kosa limejitokeza mbele yako, mezani kwako. Balaa ni lile jina lililojificha ndani ya HQL ya ripoti ambayo huendeshwa mara moja kwa mwezi. Hilo linakaa kimya. Linapita kwenye kompaila, linapita kwenye majaribio kama hakuna aliyeandika jaribio la ripoti ile (na hakuna aliyeandika, tusidanganyane), linapanda kwenye seva. Tarehe 30 mhasibu anabonyeza kitufe, skrini inajaa Kiingereza chekundu, na simu yako inaanza kuita ukiwa kwenye daladala.

Hili nimelishuhudia kwa macho. Kampuni moja niliyowahi kufanya nayo kazi, na sitaitaja, ripoti ya marejesho ya mikopo ilikufa mwisho wa mwezi kwa sababu mtu mmoja "alisafisha" majina ya fildi kwenye edita isiyoona nje ya Java. Meneja akauliza kwa nini kompyuta haikutuambia. Tukanyamaza, lakini lile swali lilikuwa la maana kuliko video zote za kulinganisha edita nilizowahi kuona. Kompyuta ingeweza kutuambia. Hatukuwa tumempa mwenye kuona nafasi ya kuona.

IntelliJ IDEA, edita ya kampuni ya JetBrains, ile ya kulipia iitwayo Ultimate, inaona. Kwake fildi ya Java, mstari wa hbm.xml na neno lililo ndani ya HQL ni kitu kimoja chenye sura tatu. Ukibadilisha jina, yote yanabadilika pamoja. Ukiiunganisha na hifadhidata, inakuchorea mstari chini ya safu isiyokuwepo kabla hujawasha chochote. Hapo ndipo ilipo tofauti ya edita ya mfumo mkubwa na edita ya salamu. Rangi na fonti kila mtu achague anayoipenda.

Eclipse yenyewe? Ina kisanduku ambacho watu wengi hawajawahi kukigusa: ukibadilisha jina la klasi unaweza kuiambia ifuate jina kamili la klasi hiyo hata kwenye faili zisizo za Java, ukaitajia *.xml. Kwa fildi haikusaidii hivyo. Ila ina kompaila yake yenyewe inayofanya kazi kila unapohifadhi faili, na hiyo peke yake inaondoa usumbufu mwingi.

Halafu kuna hili ambalo video ile haikulisema, ama kwa kutojua au kwa aibu. Plagini ya Java ya VS Code, ile ya kampuni ya Red Hat inayowekwa na watu wengi, ndani yake ni Eclipse. Seva ya lugha inayokupa mapendekezo na kukuonyesha makosa inaitwa Eclipse JDT Language Server. Fungua orodha ya programu zinazoendeshwa na kompyuta yako wakati VS Code imefungua mradi wa Java, tazama amri nzima iliyoiwasha ile ya java, utaliona jina la Eclipse pale. Kuna zaidi: Erich Gamma, aliyeongoza kazi ya zana za Java za Eclipse, alihamia Microsoft mwaka 2011 na ndiye aliyeongoza timu iliyoleta VS Code. Kwa hiyo unayeicheka Eclipse ukiwa ndani ya VS Code, unamtukana mpishi huku umeshika sahani yake.

Na mtihani mwingine kwa wanaosema edita zote ni sawa. Jakarta EE 9, toleo la viwango vya Java vya mifumo mikubwa lililotoka Desemba 2020, ilihamisha majina ya vifurushi kutoka javax kwenda jakarta. Spring Boot 3, njia ya haraka ya kuanzisha mfumo wa Spring, ikafuata Novemba 2022, na watu wakaamka. Wenye haraka wakafanya tafuta-na-badilisha mradi mzima. Sasa javax.persistence inahama kweli, lakini javax.sql ni mali ya Java yenyewe na haiendi popote. Mliofanya hivyo mnajua mlivyolala ofisini. IntelliJ ina ramani tayari ya uhamisho huo, inayojua kipi kinahama na kipi kinabaki.

NetBeans nitaitetea kidogo kwa sababu hakuna mwingine atakayeitetea. Ilianza 1996 kama mradi wa wanafunzi huko Prague, ikanunuliwa na kampuni ya Sun 1999, ikaangukia kwa Oracle walioinunua Sun, na 2016 ikakabidhiwa taasisi ya Apache. Hadi leo, ukitaka kutoka kwenye jedwali la hifadhidata hadi kurasa za wavuti za JSF zinazofanya kazi, inakuzalishia klasi za entiti (zinazowakilisha majedwali) na kisha kurasa kabla hujamaliza kunywa maji. Miradi mingapi ya mwaka wa mwisho imeokolewa na kitufe kile, Mungu ndiye anajua. Dhambi yake ni faharasa ya Maven, orodha kubwa ya maktaba za Java zilizoko mtandaoni, ambayo ikiamua kuipakua, bando lako la wiki limekwenda. Ingia kwenye mipangilio uizuie isijisasishe yenyewe.

Sawa, VS Code nayo niipe haki yake. Upande wa mbele, yaani kurasa anazoziona mtumiaji, kwa Angular na lugha ya TypeScript, ni tamu, na haishangazi kwani yenyewe imeandikwa kwa TypeScript. Ile Remote-SSH ya kufungua mradi ulioko kwenye seva huku laptopu yako ni mzee wa GB 4 ni msaada wa kweli, siwezi kubisha. Na ukiiongezea plagini ya Spring Tools inaanza kuona mengi. Mimi sina ugomvi na edita, nina ugomvi na kipimo.

Akili bandia ipo kwenye zote sasa, tusigombane.

Linalobaki ni pesa. Ultimate inalipiwa, na tangu toleo la 2025.3 JetBrains wameweka ya bure na ya kulipia kwenye programu moja, kwa hiyo unaitazama leseni uso kwa uso kila siku. Wanafunzi na walimu wanaipata bure. Ukilipa mwaka mzima mfululizo, unabaki na haki ya kutumia toleo la zamani hata ukiacha kulipa. Hilo lilipatikana kwa makelele ya watumiaji mwaka 2015. Kuna waajiri hapa mjini watakaonunua gari jipya la mkurugenzi bila kupepesa, halafu wakakuambia leseni ya edita ni anasa.

Kama wako ni wa aina hiyo, baki na Eclipse na uhamishe HQL zako kwenye @Query za Spring Data, sehemu ya Spring ya kusoma hifadhidata. Zile hukaguliwa mfumo unapowaka, kwa hiyo jina lililokosewa litaugomesha mfumo Jumatatu asubuhi mezani kwako, wala halitamsubiri mhasibu tarehe 30.