Huku kila jina limechongwa, kwetu tumebaki na Kariakoo

Niko Uingereza mwaka wa tisa sasa, mji mdogo tu, na kila Novemba 11 naenda kusimama na majirani kwenye mnara wao wa waliokufa vitani pale kanisani. Kinachoniumaga ni yale majina. Yapo yote jamani, hata kijana wa shamba asiyekuwa na cheo chochote, Vita ya Kwanza ya Dunia iliisha 1918 na leo mtoto wa shule anamsoma kwa sauti.

Basi nawaza kwetu Morogoro. Waingereza waliingia Agosti 1916 kwenye vita hiyo hiyo, wakimfukuza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, na kwa sababu mbung'o walikuwa wanamaliza farasi na ng'ombe ikabidi mizigo ibebwe na watu, unga, risasi, kila kitu, kichwani. Baba mkubwa wa bibi yangu alichukuliwa wakati huo. Bibi alikuwa anasema tu "alienda na kariakoo hakurudi", yaani na hao wabeba mizigo, hakuna kaburi, hakuna karatasi.

Wapagazi wa upande wa Waingereza walikuwa kama milioni moja, na waliokufa kwa hesabu za Waingereza wenyewe ni kama 95,000, yaani karibu mmoja katika kila kumi! Wanajeshi wao waliokufa vita hiyo ya huku kwetu ni kama 11,000. Na wapagazi wengi hata risasi haikuwagusa, ni kuhara damu, malaria, nimonia, chakula kibovu, mtu anatembea njaa na mzigo juu.

Ile tume ya Waingereza ya makaburi ya vita ilianzishwa 1917, ikasema marehemu wote watapewa heshima sawa. Mwaka 2021 ikakiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine mpaka 350,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ubaguzi ulichangia. Serikali ikaomba radhi bungeni. Sawa, nimeipokea, ila majina yako wapi?

Na sisi pia. Sanamu ya Askari pale Posta maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, jina la mtu hata moja hamna, na Kariakoo tunaenda kununua viatu bila kujua neno lenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, ni hao hao. Kama una mzee nyumbani muulize leo, andika. Mimi wa kwetu sijui hata aliitwa nani, bibi alifariki kabla sijapata akili ya kumuuliza.