Kitufe cha Google na akiba ya mwendesha bodaboda

Anayetengeneza programu ya simu hapa Kampala hushauriwa mapema aweke kitufe cha "Ingia kwa Google" au "Ingia kwa Facebook", mteja asisumbuke kubuni nywila nyingine. Ushauri huo una uzito. Nywila huwashinda watu: husahaulika, au hutumika ileile kila mahali. Kwa kitufe hicho programu haiioni nywila kabisa. Google humthibitisha mtu, kisha huipa programu tokeni, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba ndiye, pamoja na jina na barua pepe yake. Mtengenezaji mdogo ametuliwa mzigo wa kutunza nywila, ingawa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 bado inamtaka ayalinde hayo aliyopewa.

Lakini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali iliifunga Facebook, na watu wakabaki kuiingia kwa VPN, njia ya kukwepa vizuizi vya mtandao. Programu iliyotegemea kitufe cha Facebook tu iliwafungia wateja wake nje, na mwenyewe hakukosea lolote. Kwangu hilo linatosha kukiondoa kitufe hicho kwenye programu yoyote ya Waganda.

Google ni habari nyingine, na hapo ndipo ninaposita. Simu za Android karibu zote zina akaunti ya Google. Swali ni nani aliyeifungua. Mwendesha bodaboda akinunua simu mjini, mara nyingi muuzaji ndiye humfungulia akaunti palepale dukani ili apate kupakua programu, na nywila hutungwa na muuzaji huyo. Mwenye simu hata barua pepe yake haijui. Simu ikiibwa kwenye msongamano wa Old Taxi Park, akaunti imekwenda nayo. Kwa programu ya muziki, atafungua nyingine. Kwa programu ya akiba ya chama chao, hayo ni maumivu ya miezi, tena yupo mtu dukani anayeijua nywila.

Namba ya simu anaijua kwa moyo. Ndiyo pesa zake za MTN MoMo au Airtel Money, na laini imesajiliwa kwa jina lake, hivyo ikipotea anakwenda kwa kampuni yake ya simu akarudishiwa. Nayo ina kasoro zake: SMS ya msimbo hulipiwa na mwenye programu, huweza kuchelewa, na laini iliyoachwa muda mrefu hugawiwa mtu mwingine.

Hata hivyo ningeanza na namba. Google ningeiacha mteja aiongeze mwenyewe, akishaingia. (Kwenye iPhone kuna kazi zaidi: ukiweka Google, Apple hukutaka uweke pia njia nyingine inayolinda faragha.) Na katika hifadhidata, kila mteja awe na utambulisho wa programu yenyewe, usioegemea barua pepe, ili kijana yule akija na simu mpya na laini yake ya zamani, aikute akiba yake.