Kuchill si ushamba

Tangu mabango ya Nimechill, kampeni ya kuhimiza vijana kuchill, yaani kusubiri bila kufanya ngono, yaenee Kenya katikati ya miaka ya 2000, imekuwa kama fasheni kwa wajuzi wa afya kumcheka kijana anayesema atasubiri. Wana hoja, tusiwadharau. Utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2003 katika shule za msingi 328 magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba kuwafunza walimu kufundisha mtaala wa serikali wa UKIMWI, uliosisitiza kuacha ngono hadi ndoa, hakukupunguza mimba za wasichana. Na vijana wengi wameshaanza. Kuwanyima maelezo ya kondomu ni kuwaonea.

Ila wanaonukuu utafiti huo huishia hapo, na hapo ndipo mimi ninapoudhika. Katika baadhi ya shule hizo wanafunzi walipewa sare bila malipo. Walioacha shule wakapungua, mimba nazo zikapungua. Sare tu! Bila mahubiri ya ziada ya kusubiri. Shule nyingine, wasichana waliambiwa wazi kwamba wanaume watu wazima wana VVU zaidi kuliko wavulana wa rika lao, na mimba zikashuka kwa asilimia 28. Ni kweli baadhi yao hawakuacha ngono, walihamia kwa wenzao na kutumia kinga. Hata hivyo waliweza kumkataa sponsa, yule mwanaume mtu mzima anayehonga msichana kwa pesa, na kukataa ndiyo nusu ya kuchill.

Kwa hiyo nikisoma takwimu zile naona mahubiri yalishindwa, nao uamuzi wa kusubiri haukuwahi kupewa nafasi. Binti anayejua kesho atakuwa darasani ana sababu ya kusubiri. Aliyefukuzwa kwa kukosa sare, unamwambia ajitunze hadi lini, na kwa ajili ya nini?

Takwimu za afya za Kenya za mwaka 2022 zinasema asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Semina zote ni za hao. Waliobaki si wote wamechill, najua, lakini wapo waliochagua hivyo kwa akili zao, wengine bila hata kutajiwa dini, na wakienda kliniki ya vijana wanaonekana waongo au washamba. Mhudumu anayeheshimu uamuzi wa msichana kutumia kinga auheshimu na wa huyu anayesubiri. Wazazi nao waache kumpa binti peke yake wosia wa kusubiri huku kaka yake akipigiwa makofi kwa kutosubiri.