Hoteli ya wafanyabiashara isiyotaka mzigo

"Mama, samahani, hii ni bizinesi hoteli. Mizigo ya namna hiyo haipandi vyumbani."

Kijana wa mapokezi aliyasema hayo kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulionipandisha mori. Ilikuwa saa moja na nusu usiku, katikati ya Kariakoo, jasho linanitiririka mgongoni, na miguuni pangu sandarusi mbili na begi la shangazi kaja. Ndani yake masweta ya shule dazani 12, magauni ya watoto ya Krismasi, na soksi nyeupe za kutosha darasa zima na darasa la jirani. Ofisi ya mizigo ya mikoani niliyoizoea ilikuwa imeshajaza lori la siku hiyo, wakaniambia nilete kesho saa mbili. Nikamtazama kijana. Nikatazama ukuta wa nyuma yake, lilipoandikwa jina la hoteli kwa herufi za dhahabu, na neno "Business" likiwa kubwa kuliko jina lenyewe. Nikautazama mzigo wangu.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "biashara ndiyo hii."

Akacheka. Alidhani natania.

Nieleweke mapema: sigombi na udogo wa chumba. Nashuka Dar kutoka Mbeya kufunga mzigo mara tatu, mara nne kwa mwaka, na chumba kwangu ni mahali pa kuoga na kunyoosha mgongo. Hicho nilicholipia shilingi 70,000 kilikuwa hivi: ukifungua mlango unagonga kitanda, kitanda kinagusa dirisha, na dirisha linatazama ukuta wa ghorofa la jirani kwa karibu mno, ungekuwa na tundu mngeazimana chumvi. Taulo zimekunjwa zikawa bata wawili wanaobusiana. Jokofu dogo nililichomoa mwenyewe ili simu ipate chaji, maana soketi ni moja. Meza ipo, upana wa sinia la pilau la watu wawili, na tayari imebeba birika, vikombe na kikaratasi chenye nywila ya intaneti isiyokubali. Hesabu zangu nilizipigia kitandani, risiti nimezipanga juu ya mto.

Sawa. Maji ya moto yalitoka, kiyoyozi kilipuliza, mlango ulifunguka kwa kadi na kufunga kweli. Mwanamke anayelala peke yake mjini na fedha za mtaji anajua thamani ya mlango unaofunga kweli. Chumba hicho ningelala kwa amani kabisa.

Sasa mzigo wangu ulale wapi?

Hebu tuelewane hapa. Huyo mfanyabiashara anayejengewa hoteli Kariakoo ni nani? Naona wenye hoteli wana picha moja tu kichwani: mwanamume wa suti, kompyuta mpakato begani, begi la magurudumu lenye mashati matatu, amekuja kikao. Vikao viko Posta, jamani. Viko Masaki. Mtu wa kikao hana sababu ya kulala mahali ambapo saa kumi na mbili asubuhi makuli wanapigiana miluzi na spika ya muuza dawa ya panya inaamsha wafu. Anayelala Kariakoo amefuata Kariakoo. Asubuhi yake kwenye lifti nilibanana na akina mama wawili wa Lubumbashi, wale wanaosema bitenge pale sisi tunaposema vitenge, kijana mmoja wa Ngazija aliyekuwa akibishana na simu kuhusu bei ya makapeti, na baba wa Tunduma mwenye daftari lililofungwa kwa mpira. Hakuna aliyevaa tai. Mwenye tai katika jengo zima alikuwa mmoja tu: kijana wa mapokezi.

Halafu jina lenyewe la hapo mahali! Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, ndipo hapo ilipowekwa kambi ya Waafrika waliobebeshwa risasi na chakula cha jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu wakalitamka jina kwa ulimi wao, likakaa. Yaani eneo zima limepewa jina la wabeba mizigo, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunabeba, halafu anatokea mtu anasimamisha ghorofa nane juu ya jina hilo na kuniambia mzigo hapana. Afungue basi na hoteli pale Feri, awakataze wageni wasinuke samaki.

Kwenye kiwanja kama kile zamani ilikaa nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba sita, uani nyuma, baraza mbele. Baraza! Aliyebuni baraza alijua kwamba mtu haji mjini mikono mitupu. Unatua, unakaa, mzigo nao unakaa, mnavuta pumzi, ndipo habari ya chumba inazungumzwa. Siku hizi baraza limekuwa fremu ya duka. Na siri yote iko hapo, ustaarabu haumo kabisa. Sehemu ya chini ya jengo Kariakoo ni dhahabu. Fremu inalipiwa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na kilemba, ile hela ya kupewa nafasi, juu yake. Nani ataacha futi kumi kwa kumi zikae na sandarusi za mama wa Mbeya? Hoteli yenyewe imebakiwa na kichochoro kati ya duka la vipodozi na duka la makava ya simu, mapokezi yamejibana chini ya ngazi. Meneja angekuja akaniambia, "Mama, nafasi hatuna, kila hatua tumeipangisha," ningemwelewa. Mimi ni mchuuzi, hesabu nazijua. Lakini sikuambiwa hakuna nafasi. Niliambiwa hii ni bizinesi hoteli. Maana yake mzigo wangu unaishushia hadhi. Mzigo ambao faida yake ndiyo iliyolipa chumba!

Haya, nitakuwa muungwana kidogo, ingawa sijisikii. Lifti za majengo yale ni za watu wanne wembamba, na nimewahi kumwona kuli akiisokomeza marobota mpaka ikagoma kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na mama mjamzito yumo ndani. Tena baada ya soko kuungua Julai 2021, na baada ya lile ghorofa lililoporomoka Novemba 2024 na kufukia watu, sitaki niwe mimi wa kudai korido zijazwe nguo na nailoni. Usiku umeme ukipiga shoti, tutapita wapi? Kwa hiyo wakisema mizigo isikae juu kwa usalama wa wageni, nawapa haki yao. Nusu ya haki. Ukishaniambia mzigo usikae juu, neno linalofuata liwe la kuniambia ukae wapi.

Mama yangu alikuwa akifikia gesti moja ya mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Bafu la pamoja, neti yenye matundu ya kupitisha popo, na redio ya chumba cha pili ikikupigia taarabu upende usipende. Nilikwenda naye mara moja, niko darasa la sita. Mzee wa gesti ile alikuwa na chumba kimoja kisicholala mtu. Ukifika na mzigo anakata kipande cha boksi, anaandika namba kwa makapeni, anakichana katikati kwa kupindapinda: nusu inafungwa kwenye kamba ya mzigo, nusu unapewa wewe. Asubuhi vipande vikioana meno kwa meno, unachukua mali yako. Kiingereza cha mzee yule kilikuwa "gudi moningi" peke yake. Mama alikuwa akiificha ile nusu ya boksi kwenye sidiria pamoja na hela, hapo pima mwenyewe uzito wake.

Mengine sitayarefusha. Kitabu cha wageni bado kinaniuliza kabila, sijui vyumba vya Wanyakyusa viko ghorofa ya ngapi. Basi la usiku limenishusha Mbezi saa kumi na moja alfajiri, chumba napewa saa nane mchana, natakiwa nitoke saa nne asubuhi ya kesho yake, na hiyo wanaitoza kama siku nzima, katika Kariakoo hiihii iliyozinduliwa biashara ya saa 24. Na mwanamke ukiingia peke yako unaulizwa "uko na nani?" kwa sauti ambayo baba wa Tunduma hakuulizwa.

Sasa usiku ule. Nilikuwa nimeshatoka nje na mzigo wangu, najiuliza nimpigie nani, mlinzi akaniita. "Mama mkubwa, leta hapa kwangu." Kwake ni kiti cha plastiki mbele ya fremu ya vipodozi iliyofungwa, na kipande cha turubai. Sikuwa na ujanja mwingine. Nikapanda juu nikalala usingizi wa mang'amung'amu. Kila pikipiki ikisimama naruka kuchungulia, na dirisha langu, nimeshasema, linatazama ukuta. Saa kumi na nusu uzalendo ukanishinda, nikateremka kwa ngazi.

Nikamkuta amezilaza sandarusi zote mbili chini, amejinyoosha juu yake, kofia usoni, rungu kifuani, begi la shangazi kaja chini ya kichwa. Masweta dazani 12 yamekuwa godoro. Nilipomgusa akastuka, akasema, "Nikaona nikiulalia, hakuna atakayeuchukua bila mimi kujua." Nikatoa shilingi 10,000. Akasita kuipokea. Akauliza kama ndani kuna sweta la kijani, mwanawe anaanza darasa la kwanza Januari. Tukafungua kamba palepale kwa mwanga wa taa ya barabarani. Saizi tuliikisia: alinionyesha kwa kiganja kwamba mtoto anamfika hapa, juu kidogo ya kiuno. Nikamwambia tuchukue linalozidi, watoto wanakua. Hela nikamwachia mfukoni kwa nguvu.

Jina la hoteli silitaji kwa sababu yake. Meneja akijua, nina hakika atamfukuza, na katika shilingi 70,000 zangu zote, kilichonifaa zaidi ni hicho ambacho hakikuwa kwenye bei.

Na msidhani naomba hisani. Chukulia wageni 30, kila mmoja sandarusi mbili, shilingi 2,000 kwa sandarusi kwa usiku mmoja. Hiyo ni shilingi 120,000. Inapita bei ya chumba kimoja na nusu, hakuna shuka za kufua, hakuna bata wa kukunja. Kama chini hamna nafasi, ofisi za mizigo mnapakana nazo ukuta kwa ukuta, elewaneni, mtu wao mmoja akeshe. Mimi wa kwanza kulipa. Hata 3,000 ningelipa, na ningerudi tena, na ningewaleta wenzangu wa soko la Mwanjelwa kule Mbeya ambao siku hizi wanalala wanne chumba kimoja kwa ndugu Buguruni ili tu mzigo wauone kwa macho.

Kabla ya Idi nashuka tena. Safari hii nimepiga simu mapema, hoteli tatu, swali moja: mzigo mnapokea? Ya kwanza wakanikatia. Ya pili wakaniambia inategemea na meneja atakavyoamka. Ya tatu alipokea binti mwenye sauti nzuri, akanyamaza kidogo, akaniuliza ni mzigo wa nini. Nikamwambia nguo za watoto, sandarusi mbili, labda tatu.

"Aah, samahani mama," akasema. "Sisi tunapokea zaidi wafanyabiashara."

Nimeshika chumba gesti ya Gerezani, bafu la pamoja. Neti nabeba yangu.