Wati sita na chupa ya mama

Kwa miaka mingi mama yangu alikuwa akisema kwamba kwenye kaseti ya mjomba kuna chupa, na sisi watoto wake tulikuwa tukimkatalia. Kaseti yenyewe ilirekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, uani kwetu Kamalondo, hapa Lubumbashi, Kongo, kwa redio-kaseti iliyowekwa juu ya kiti. Mjomba anapiga gitaa na kuimba, jirani anaitikia, mbwa anabweka mara mbili. Hayo ndiyo tuliyoyasikia. Gitaa nalo lilisikika kama linapigiwa ndani ya gunia la unga.

"Ile chupa ni miye nilikuwa napiga," mama anasema. "Na msumari."

Tunamwambia, mama, chupa haiko. Ananyamaza, anarudi kuchekecha unga wake wa bukari, yaani ugali.

Naanza na chupa hiyo kwa sababu inagusa jambo tunalobishania karibu kila Jumapili huko Katuba, mtaa mwingine wa mji wetu, kwenye uwanja wa mwenzetu mmoja, tunapokutana watu watano au sita kujenga ampli, yaani vikuza-sauti, na bafle, yaani masanduku ya spika. Wenzangu wanataka nguvu. Mtu akileta ampli mpya, swali la kwanza ni wati ngapi, na la pili ni je, besi inatikisa bati la nyumba? Mimi nimechoka na swali hilo. Naona tunajenga vyombo vikubwa kwa ajili ya muziki mdogo, kisha tunaufukia muziki huohuo tunaosema tunaukumbuka na kuupenda.

Fikiria muziki uliotoka huku kwetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, akizunguka na gari lake lenye mitambo ya kurekodi, alimkuta mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Kijana wa miaka ishirini na kidogo, gitaa moja kavu lisilo na umeme, kidole gumba kinashika nyuzi nene na cha shahada kinacheza juu. Santuri zake zilifika hadi Afrika Mashariki, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kutoka kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa muziki David Rycroft aliona upigaji ule unastahili kuandikwa noti kwa noti, akauandika na kuuchapisha. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Edouard Masengo na Losta Abelo nao ni wa kizazi hicho cha Katanga. Yote hayo yalifanyika bila besi ya kutikisa bati lolote.

Hapa hesabu inanisaidia. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa, ukipigwa wazi, unatetemeka mara 82 kwa sekunde. Uzi mwembamba kabisa ni mara 330 hivi. Sauti ya mwanamume anayeimba huanzia karibu na mia moja, au chini kidogo. Maana yake ni kwamba chini ya 80, katika muziki wa mjomba, hakuna muziki. Kuna miguu ya watu wanaopita na ngurumo ya magari. Mtu anayeniuzia bafle ya kushuka hadi 30 ananiuzia ngurumo ya magari. Hata gitaa la besi la nyuzi nne, lile la bendi kubwa, uzi wake mnene ni 41.

Lakini kinachotofautisha chuma na mbao, ukucha na nyama ya kidole, kiko juu: elfu mbili, elfu tatu, elfu tano. Kule ndiko unakosikia kidole kikiteleza juu ya uzi kabla ya kubadilisha mahali. Na kule ndiko chupa ilikokuwa.

Mwaka jana nilipata kicheza-kaseti kilichokufa, nikakiamsha. Mikanda yake ya mpira ilikuwa imeyeyuka kama lami, nikaweka mingine. Nikasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na alkoholi, pamba ikatoka na rangi ya kahawa. Nikaweka kaseti ya mjomba, gunia la unga likaanza kuimba kama kawaida. Basi nikakumbuka maneno ya fundi mmoja mzee wa Kenya, namaanisha mtaa wetu wa Kenya, aliyekuwa akitengeneza redio kabla sijazaliwa: "Mtoto, kaseti ikinyamaza juu, tazama bisi ndogo, ile skrubu, kando ya kichwa."

Kichwa cha kusomea kina ufa mwembamba sana, hauonekani kwa jicho, na ufa huo lazima usimame wima kabisa kwenye ukanda unaopita. Ukanda wa kaseti una upana usiofika milimita nne na unatembea chini ya sentimita tano kwa sekunde. Kwa mwendo wa polepole hivyo, mawimbi ya sauti za juu yanabanana mno juu ya ukanda, kiasi kwamba ufa ukiinama kidogo tu yanafutana yenyewe kwa yenyewe. Za chini hazidhuriki. Redio-kaseti ya mjomba ilikuwa na kichwa kilichoinama. Vyote tulivyotumia baadaye kuisikiliza vilikuwa vimenyooka, au vimeinama upande mwingine. Kwa hiyo hakuna kilichokuwa kimepotea kwenye ukanda. Tulikuwa tunausoma kwa kichwa kisicholingana nao.

Nikachukua bisibisi ndogo, nikageuza robo ya mzunguko. Gitaa likatoka guniani. Sijui niseme vipi. Lilikuwa kama mtu ameondoa blanketi dirishani. Nikarudi nyuma kidogo, nikasonga tena, na hapo nikasikia: ti, ti-ti, ti, ti-ti. Kitu kikavu, chembamba, nyuma ya gitaa, upande wa mbwa.

Nikamwita mama. Alikuja na mikono yenye unga, akasimama mlangoni. Hakusema "si niliwaambia". Alisikiliza hadi ubeti wa pili, akainua kidole: "Hapo nilikosea."

Na kweli, pale msumari unachelewa.

Sasa nirudi kwenye wati, maana jioni hiyohiyo nilifanya kosa la kuipeleka kaseti Katuba. Tukaipiga kwenye ampli kubwa ya mwenzetu na bafle zake za inchi kumi na tano. Besi ilijaa uwanja. Jirani alikuja kuuliza kama kuna arusi. Chupa haikusikika kabisa. Nilisogea hadi karibu na kitambaa cha bafle, hakuna kitu. Besi ikizidi, inazifunika sauti ndogo zilizo juu yake. Sikio letu ndivyo lilivyo. Nikaondoka na kaseti yangu mfukoni.

Ampli niliyojengea kaseti hiyo ina kipande kimoja cha kukuza sauti, TDA2003, kile cha miguu mitano kilichobuniwa kwa ajili ya redio za magari. Unakipata kwenye redio ya gari iliyotupwa. Kwa volti 14.4 na spika ya omu 4 kinatoa wati 6. Wenzangu walicheka, nikawaomba wasubiri spika.

Spika niliitoa kwenye redio ya lampe, ile ya zamani yenye valvu za kioo, mali ya nkambo (babu) wa rafiki yangu. Karatasi yake ni nyepesi kama ganda la kitunguu. Zamani lampe ya kutolea sauti kama EL84, ikifanya kazi peke yake, ilitoa wati tano hivi, kwa hiyo waliotengeneza spika walilazimika kutengeneza zinazosikia haraka, zinazoamka kwa umeme kidogo. Spika nzito ya leo, ukiipa wati 1, unaweza kupata desibeli 87 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa umbali wa mita moja. Nyepesi inaweza kutoa hadi 97 kwa wati hiyohiyo. Ili ile nzito ilingane nayo, lazima uipe wati 10. Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu, na sikio linaona tofauti ndogo. Hizi wati tunazozinunua kwa pesa nyingi zinakwenda kusukuma uzito wa karatasi na mpira.

Na nyingi hazipo. Sanduku linalouzwa sokoni limeandikwa wati 1000 kwa herufi za dhahabu. Ligeuze, usome kibandiko cha nyuma kinachosema linakula umeme kiasi gani. Likila wati 40, haliwezi kutoa 1000, litoe wapi? Wanunuzi ni vijana wanaoweka akiba miezi mitatu. Inaniuma.

Nyaya zinaniuma zaidi. Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Baba zetu wengi walikula bukari ya shaba. Bomba refu la kiwanda na mlima mweusi wa mabaki vinaonekana hadi leo. Halafu nakwenda kununua mita tano za waya wa spika, naukwangua kwa kisu, ndani ni nyeupe: aluminiamu iliyopakwa ngozi ya shaba. Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 61 ya shaba, na ukiilehemu inakataa, au inashika leo na kuachia kesho. Tangu hapo naenda na kisu. Waya mzuri nautoa kwenye mota zilizoungua. Yule mzee wa Kenya anazungusha transfoma upya kwa waya wa namna hiyo, kwa mkono, akihesabu kila mzunguko kwa sauti ya chini, na ukimsalimia akiwa katikati ya hesabu hakujibu. Ujuzi ule, mzee yule akiondoka, tutaununua wapi?

Kwenye kazi hii mambo mengi madogo nimeyajua kwa kuharibu. Ampli yangu ya kwanza ilinguruma usiku kucha. Nilibadilisha kapasita ya chujio, ile inayotuliza umeme, nikaweka kubwa ya maikrofaradi 4700, ngurumo ikabaki. Kumbe nilikuwa nimeunganisha nyaya za ardhi kwa mnyororo, moja inapanda juu ya nyingine, umeme mkubwa wa spika ukipita kwenye waya uleule wa sauti changa inayoingia. Nilizikata zote, nikazileta kwenye bisi moja. Kimya. Umeme ukikatika natumia betri ya gari, na siku hizo ampli inakuwa tulivu kupita kiasi, maana betri haina mtetemo wa kuchujwa. Chuma cha kulehemu nakipasha kwenye mbabula (jiko la makaa), kile kizito cha shaba, kinadumu na joto la kutosha kulehemu sehemu tatu au nne kabla hakijapoa.

Sanduku la spika nililitengeneza kwa mbao za tripleksi za kabati lililovunjika, nikalifunga pande zote na kujaza pamba ya mto mkuukuu. Sauti inayotoka nyuma ya spika ni kinyume cha inayotoka mbele. Ukiziacha zikutane zinauana, na zinazokufa kwanza ni za chini. Hilo tu ndilo besi ninayohitaji: isife bure.

Wenzangu wana hoja, na siipuuzi. Arusi ya watu mia tatu haiwezi kusikia wati sita. Rumba ya bendi kubwa, yenye gitaa tatu na besi inayotembea, inataka kifua. Kijana aliyekulia kwenye ndombolo ana kumbukumbu zake, na besi ni sehemu ya kumbukumbu hizo. Nani mimi nimwambie ajengee muziki wa mjomba wangu? Ajenge yake. Ninachomwomba ni aanze na wimbo, akae nao, ausikilize kwa masikio matupu hata kwa redio mbovu, ajue ndani yake kuna nini, ndipo achague spika. Sisi tunaanza na spika kubwa tuliyoiona nganda, yaani baa, kisha tunatafuta wimbo wa kuionyesha.

Jumapili iliyopita nilibeba kisanduku changu Katuba, na betri. Niliwaomba wakae karibu, mita mbili, tukazima jenereta. Yule anayependa inchi kumi na tano aliinama, viwiko juu ya magoti. Chupa ilipoanza alinitazama. Hakusema amekubali, na ampli yake kubwa bado iko palepale chini ya turubai. Lakini aliuliza kama nimebaki na spika nyingine ya redio ya lampe, kwa sababu baba yake aliacha kaseti kumi na mbili ndani ya ndoo.

Nimemwahidi kumtafutia. Nimemwambia pia, na nawaambia nyote mlio na ndoo kama hiyo: kabla ya kugusa ile bisi, ichoreeni alama ya kalamu pale ilipo, ili mweze kuirudisha. Geuzeni polepole, kaseti ikiwa inacheza, na kila kaseti mwiandikie robo zake, kwa sababu kila moja ilirekodiwa na kichwa chake. Na kama mama yupo, mwiteni asikilize.