Kuunganisha Vijiji vya Uswisi: Bonde Ndilo Kipimo

Mwaka 1850 Uswisi ilikuwa na manispaa zaidi ya 3,200. Mwaka 2000 zilikuwa zimebaki 2,899, na tarehe 1 Januari 2025 zilihesabiwa 2,121. Yaani karne moja na nusu iliondoa takriban 300, na robo karne iliyofuata ikaondoa karibu 800. Wanaounga mkono kuunganisha manispaa wanasema vijiji vidogo vimechoka na kujiunga ni kujiokoa. Wanaopinga wanasema demokrasia ya Uswisi inang'olewa mizizi. Kila upande una hoja nzito, ila mara nyingi hoja hizo hutetewa kwa sababu zisizo zake.

Kwanza, neno manispaa lisikupeleke mjini. Gemeinde ya Kijerumani, commune ya Kifaransa au comune ya Kiitaliano ni ngazi ya chini kabisa ya dola, chini ya shirikisho na kantoni 26 (yaani majimbo yake), na zaidi ya nusu yake zina wakazi wasiofika 2,000. Hata yenye watu 80 ina bajeti yake na hupanga kiwango chake cha kodi ya mapato. Husimamia maji, barabara za ndani, mpango wa ardhi na sehemu ya mzigo wa shule, tena hushiriki kuamua nani apewe uraia. Pasi ya Mswisi haitaji mahali alipozaliwa. Inataja manispaa ya asili ya ukoo wake, ambako pengine hajawahi kulala hata usiku mmoja. Ukifuta manispaa, umegusa jina ambalo watu wanatembea nalo mfukoni.

Mfumo huu ulipata umbo lake la sasa kuanzia mwaka 1798, wakati wa Jamhuri ya Helvetia iliyosimikwa na majeshi ya Ufaransa. Kabla ya hapo kijiji kilikuwa kundi la koo zenye haki ya pamoja juu ya msitu, malisho ya mlimani na maji. Mgeni aliishi humo bila sauti. Jamhuri ikatenganisha mambo mawili: manispaa ya wakazi wote kwa upande mmoja, na jumuiya ya koo za asili iliyobaki na mali yake kwa upande mwingine. Katika kantoni nyingi jumuiya hizo zipo hadi leo. Kule kantoni ya Ticino huitwa patriziato, na manispaa za kisiasa zinapoungana, patriziato yaweza kubaki peke yake na misitu yake. Hofu kwamba muungano utapeleka msitu wa babu kwa watu wa ng'ambo ya mto mara nyingi haina msingi, lakini ndiyo huongoza kelele mikutanoni.

Jiografia ndiyo inayoeleza yaliyobaki. Tazama bonde la Verzasca, Ticino. Watu wake walihama na mifugo: majira ya joto juu mlimani, majira ya baridi chini kwenye uwanda wa Magadino. Ndiyo maana Lavertezzo na Gerra zilikuwa na vipande viwili vya ardhi visivyogusana, kimoja bondeni na kingine uwandani. Katika karne ya 20 watu waliacha kupanda na kushuka. Wakabaki uwandani kwenye kazi. Corippo, kijiji cha nyumba za mawe zenye paa za vigae vya mawe, kilichong'ang'ania ubavu wa mlima, kilikuwa na watu karibu 300 katikati ya karne ya 19. Kufikia mwisho wake walibaki takriban 10, na kilikuwa manispaa ndogo kuliko zote nchini. Tarehe 18 Oktoba 2020 kiliungana na jirani zake Vogorno, Brione, Frasco na Sonogno kuwa manispaa ya Verzasca, pamoja na vile vipande vya juu vya Lavertezzo na Gerra.

Hapo ndipo hoja ya kuungana ilipo na nguvu zote: watu wa kushika nafasi. Viongozi wa manispaa ndogo si waajiriwa. Hufanya kazi zao mchana na kikao usiku, kwa posho ndogo. Chukua kijiji chenye wapiga kura 40. Kinahitaji baraza la watu watano, wakaguzi wa hesabu na kamati ya ujenzi. Ondoa wazee wasiojiweza, ondoa wanaolala mjini siku za kazi, kisha ondoa ndugu wa karibu, kwa sababu kantoni nyingi zinakataza mume na mke au mzazi na mwana kuketi baraza moja. Unabaki na watu wale wale kwa miaka 20, na mmoja wao ndiye anayeamua kibali cha banda la jirani yake. Kantoni ya Uri ina sheria inayomlazimisha aliyechaguliwa atumikie hata kama hakugombea. Hata hivyo Bauen, kijiji cha ufukweni ambacho zamani kilifikiwa hasa kwa mashua, kilijiunga na Seedorf mwaka 2021, na Uri ikashuka kutoka manispaa 20 hadi 19.

Hoja dhaifu ni ile inayotangulizwa zaidi: kuokoa fedha. Posho za baraza la kijiji ni senti tu. Gharama kubwa ni shule, huduma za wazee, msaada wa jamii na barabara, na nyingi kati ya hizo zimepangwa na kantoni. Kilomita za lami za kufagia theluji hazipungui kwa sababu nembo imebadilika. Katibu mmoja wa nusu siku akiondoka, anaajiriwa mtaalamu wa mipango kwa mshahara kamili. Huduma huwa bora, na hilo ni jambo jema, ila aliyeahidiwa kodi kushuka atajiona amedanganywa.

Utaratibu wenyewe hupita hatua zinazofanana karibu kila kantoni: mabaraza huafikiana kuanza, vikundi vya kazi hupima hesabu na majengo, mkataba wa muungano huandikwa, kila manispaa hupiga kura, kantoni huidhinisha, na kwa kawaida manispaa mpya huanza tarehe 1 Januari. Mambo huharibika kwenye mkataba. Kijiji chenye madeni kikikutana na kisicho nayo, mara nyingi kantoni hutoa ruzuku kabla. Kijiji maskini kinachopokea fedha za kusawazisha mapato chaweza kuzipoteza kikiungana na tajiri, hivyo mkataba mzuri hudai fidia ya miaka kadhaa. Kuna pia mrabaha wa maji: mabwawa ya umeme hulipia maji, ukomo ukiwa faranga 110 kwa kila kilowati ya nguvu ghafi kwa mwaka, na katika kantoni kama Graubünden sehemu kubwa huingia kwa manispaa. Kijiji cha watu wachache kilicho chini ya bwawa hakina haraka ya kugawana. Kisha yapo madogo yanayouma: barabara tatu zenye jina moja, na jina jipya la manispaa. Wengi hutatua hili la mwisho kwa kuchukua jina la bonde, kama Val-de-Travers mwaka 2009 au Bregaglia mwaka 2010.

Wapinzani hutaja kantoni ya Glarus, na wana haki. Tarehe 7 Mei 2006, kwenye mkutano wa wazi wa kantoni ambako watu hupiga kura kwa kunyoosha mikono, serikali ilipendekeza manispaa 25 zipunguzwe kuwa 10. Mwananchi mmoja akasimama akataka 3, na umati ukakubali. Mwaka 2007 mkutano wa dharura ulithibitisha, na mabadiliko yakaanza mwaka 2011. Glarus Süd, moja ya hizo 3, ilimeza manispaa 13 katika kilomita za mraba 430: bonde kuu la Linth, bonde la Sernf hadi Elm, na Braunwald isiyo na magari, inayofikiwa kwa reli ya kamba. Uchumi wake ni dhaifu na watu wanahama. Agosti 2023 udongo ulipoporomoka Schwanden, ndani ya Glarus Süd, na kuharibu nyumba, mzigo ulikuwa wa manispaa nzima. Hapo hoja hukata pande mbili: kijiji peke yake kisingeubeba, lakini mkazi wa Elm sasa yuko mbali na meza inayoamua.

Kwa maoni yangu, bonde ndilo kipimo. Watu wanaotumia barabara moja, shule moja na mto mmoja wameshaungana kabla ya karatasi. Ukivuka mgongo wa mlima unaunganisha ramani tu. Kulazimisha nako kuna gharama. Bignasco, Ticino, ilipinga muungano hadi Mahakama ya Shirikisho, ikashindwa kesi, na mwaka 2006 ikaingizwa manispaa ya Cevio. Kisheria lilikuwa halali, lakini mkutano wa wananchi unaoanza na kinyongo hukaa na viti vitupu.

Kuna kisa kimoja kinachotikisa hata kipimo changu. Bonde la Lötschental, kantoni ya Valais, lina manispaa nne: Ferden, Kippel, Wiler na Blatten, jumla yake takriban watu 1,500. Kwa kipimo cha bonde zingepaswa kuwa moja. Tarehe 28 Mei 2025 mto wa barafu wa Birch ulianguka pamoja na mamilioni ya meta za ujazo za mwamba, ukafunika sehemu kubwa ya Blatten, ambayo wakazi wake wapatao 300 walikuwa wameshahamishwa. Majirani waliwapokea. Lakini manispaa haikufa na nyumba zake: ilibaki na baraza, bajeti na daftari la wapiga kura, ikaanza mara moja kupanga kujenga upya. Blatten ingekuwa kitongoji cha manispaa kubwa, watu wake 300 wangelazimika kuomba kura za wengine 1,200 ili warudi kwao.