Marahaba, Mbona Umekwisha Hivyo?

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, na mdogo wangu kununua dagaa. Ana miaka 19, mrefu, mwembamba kama marehemu bibi yetu. Tukakutana na mama mmoja tunayesali naye. Mdogo wangu akamwamkia.

"Marahaba. Hee, mbona umekwisha hivyo mwanangu? Unaumwa?"

Wachuuzi wakageuka. Mmoja akamwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. Mdogo wangu akatabasamu, na njia nzima hakunena neno.

Usiku nilikuta kwenye mkoba wake vidonge vimefungwa kwenye kipande cha karatasi, havina jina. "Vya kunenepa," akaniambia. Wiki ya tatu anavimeza, na usingizi ulikuwa umeshamtoroka.

Nina hasira hadi leo. Vidonge vya namna hii mara nyingi huwa deksamethasoni au saiproheptadini. Saiproheptadini ni dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula. Deksamethasoni ni steroidi: uso unajaa, watu wanakusifia umenawiri, huku inaweza kukupandisha sukari, kukunyima usingizi na kukutia huzuni. Ukishaizoea, kuiacha ghafla ni hatari, maana mwili unakuwa umezembea kutengeneza homoni yake. Ndiyo maana hatukuvitupa usiku ule. Tulivibeba hadi kwa daktari.

Lakini hakuanzia kwenye vidonge. Alianzia kwenye maneno. Kumbe huvaa taiti mbili chini ya sketi, kwenye joto hili, ili miguu ionekane imejaa. Kumbe kwaya aliiacha kwa sababu ya kusimama mbele ya watu. Mimi nalala naye chumba kimoja na nilidhani amekuwa mvivu tu.

Kanda hii "umekonda" si neno la kilo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mwaka 1983 huko Kagera, ng'ambo ya ziwa letu, na watu wakaupa ugonjwa jina la Juliana. Wazazi wetu walijifunza kusoma kifo kwenye mashavu ya mtu. Binti akiambiwa amekwisha, anasikia "amekanyaga waya", yaani ameukwaa UKIMWI, na wanaomzunguka wanasikia hivyo hivyo. Wakati leo mwenye virusi anayetumia dawa zake za ARV vizuri anaweza kunawiri kuliko wewe na mimi! Mwili hausomeki hivyo tena, ila bado tunausoma, kwa sauti, sokoni.

Haya, nakubali: yule mama amezika wengi, na aliuliza kwa upendo. Na mtu akipungua ghafla apelekwe hospitali, inaweza kuwa kifua kikuu, inaweza kuwa sukari. Basi mvute pembeni, mama yangu. Muulize analalaje. Muulize anakula nini na yuko na nani siku hizi. Mabonge nao wanaumia hivyo hivyo, na vijana wa kiume wanaoitwa njiti pia, ila hao hatuwaoni wakilia.

Daktari anampunguzia vidonge kidogo kidogo. Juzi amelala hadi asubuhi, nikakaa namwangalia.

Kesho ni Jumamosi na dagaa zimeisha. Nimemuuliza kama tutakwenda wote Mwaloni. Ameniuliza yule mama huwa anapita saa ngapi.